Vidonge vya umbo namba nane

Mwanachuo akirudi likizo amepungua, swali la kwanza nyumbani huwa si la mitihani. "Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Unaumwa?" Akirudi mashavu yamejaa, shangazi anampokea kwa furaha: chuo kimemkubali.

Wasiwasi huo una historia yake. UKIMWI ulipoingia Kagera na kusini mwa Uganda mapema miaka ya 1980, watu walikonda hadi wakabaki mifupa. Uganda waliuita "Slim", na kwa jina hilo madaktari wakauandika katika jarida la Lancet mwaka 1985. Dawa za kufubaza virusi zimeshabadilisha maisha ya wagonjwa, lakini jicho la wazazi wetu bado linausoma wembamba kama msiba.

Bwenini kuna hukumu nyingine. Huko kinachotakiwa ni umbo namba nane: kiuno chembamba, nyonga pana, tumbo lisionekane. Asiye nalo ni kimbaumbau, aliyezidi ni bonge. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima zaidi kwa watu anaowaona wanafanana naye. Chuo kimejaa watu wa namna hiyo, rika moja, korido moja, na simu inaongeza picha zilizokwisha kubanwa kiuno kwa programu. Wavulana nao wanasukumwa wajaze kifua, ila kinachonitia hofu zaidi mimi kama mfamasia ni vidonge wanavyouziwa wasichana.

Vingi huuzwa mkono kwa mkono au mtandaoni, ndani ya kifuko cha nailoni, bila boksi wala jina. Dawa mbili zinajulikana sana kwa matumizi haya. Ya kwanza ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Inaleta pia usingizi mzito, na binti anasinzia darasani akidhani amechoka tu. Uzito ukiongezeka, unakwenda pale mwili wake ulipozoea kuweka mafuta. Hakuna kidonge kinachochagua nyonga.

Ya pili ni deksamethasoni, na hii ndiyo hatari kubwa. Hospitalini ni dawa ya heshima: mwaka 2020 ilithibitika kuokoa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19. Lakini ina nguvu mno. Miligramu 0.75 tu inalingana na miligramu 5 za prednisoloni. Akiimeza kwa muda mrefu, uso unavimba na kuwa mviringo, mafuta yanajaa tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mapaja na mikono ikiisha. Yaani anayetafuta namba nane anapewa kinyume chake, na kwa kuwa mashavu ndiyo yanayotangulia kujaa, wenzake wanamsifia kwamba amenawiri. Sifa hizo zinamfanya anunue tena. Nyuma yake vinakuja kisukari, shinikizo la damu, mifupa dhaifu na maambukizi ambayo mwili unashindwa kuyazuia.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi kabisa. Juu ya figo zetu kuna tezi za adrenali, zinazotengeneza homoni ya kotisoli inayotuwezesha kuhimili homa, jeraha na mshtuko. Deksamethasoni ikiingia kila siku, tezi hizo zinapunguza kazi na mwishowe zinalala. Dawa ikikatwa siku moja kwa sababu pesa imeisha, mwili unabaki bila kinga hiyo: mtu analegea, anatapika, shinikizo la damu linashuka, na anaweza kufa.

Kwa hiyo, binti yangu, kama umevimeza kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla. Nenda hospitali sasa, beba vidonge vyenyewe, mwambie daktari ulianza lini na unameza vingapi kwa siku. Akiona inafaa, atakupunguzia dozi taratibu hadi tezi ziamke. Ukianza kutapika au kuzimia kabla ya hapo, wenzako wakupeleke idara ya dharura, na wawaambie wahudumu ni vidonge gani ulikuwa unatumia.