Jinsi Ua Lipatavyo Jina
Mvua zianzapo katika nchi ya Meru na Embu, huchipuka ua jekundu lenye umbo la mpira. Nalo ni vijiua vingi vilivyokusanyika juu ya kikonyo kimoja. Shina lake la ardhini ni nene, mfano wa kitunguu. Zamani wataalamu waliutia mmea huu katika ukoo wa Haemanthus. Mwaka 1976 Friis na Nordal waliutenga, pamoja na jamaa zake, katika ukoo wa Scadoxus. Majani yake yana mshipa wa kati ulio dhahiri, na kromosomu zake ni 18, wala si 16. Basi uzuri wa ua si ushahidi. Aonaye mmea mgeni asiung'oe ovyo, bali aandike mahali, tarehe na kimo cha mlima. Bila habari hizo elimu yake hupotea.