Uvimbe wenye makosa mengi kuliko wote

Mwaka 1895, mwanamke mmoja fundi cherehani katika mji wa Ann Arbor, Marekani, alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa mapema, kwa saratani ya utumbo au ya viungo vya uzazi, kwani ndivyo walivyokwisha wengi wa ukoo wake. Siku hiyo alikuwa mzima. Baadaye akafa kweli, kwa saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Hii si ile ya shingo ya kizazi, ingawa watu huzichanganya. Dalili yake kuu ni damu kutoka baada ya hedhi kukoma, hata kama ni tone tu.

Seli ikitaka kugawanyika hunakili herufi za DNA zipatazo bilioni 6, na kunakili hakukosi makosa. Ndiyo maana kuna wasomaji prufu wawili. Wa kwanza, kimeng'enya kinachotokana na jeni ya POLE, husahihisha palepale kinaponakili. Wa pili ni kundi la protini, MSH2 ikiwamo, linalopita nyuma kuokota yaliyoponyoka. Ukoo wa yule fundi ulikuwa ukirithishana jeni mbovu ya MSH2. Leo hali hiyo huitwa sindromu ya Lynch.

Je, akiharibika msomaji wa kwanza? Mwaka 2013, watafiti wa TCGA, mradi wa kuchunguza jeni za saratani, walichapisha uchunguzi wa uvimbe wa wagonjwa 373 wa saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi na kuugawa makundi manne. Kundi la POLE, takriban asilimia 7, lilijaa makosa kupita yote, na mara nyingi hadubini huuonyesha uvimbe huo kuwa mkali. Lakini wagonjwa wake ndio walioendelea vizuri zaidi! Inaelekea makosa hayo huzaa protini ngeni nyingi mno, hata askari wa kinga wakaitambua seli mbaya kirahisi. Kundi lililoua zaidi lina makosa machache ya herufi, ila kromosomu zake zimevurugika vipande vizima, na mlinzi wake, protini p53, ameharibika.

Kwa hiyo kutazama umbo la seli pekee hakutoshi kuamua nani apewe dawa kali. Hitilafu za p53 na MSH2 hutafutwa kwa kutia rangi kipande cha nyama kilichokatwa, bila mashine ya kusoma DNA. Na ikithibitika kuwa MSH2 mbovu imerithiwa, wapimwe pia kaka za mgonjwa: hawana mfuko wa uzazi, lakini utumbo wanao.