Damu Isipofika, Mguu Hufa

Juu ya kilima cha Mulago, hapa Kampala, imesimama hospitali iliyoanzishwa mwaka 1913. Mpasuaji wa mishipa ya damu hupigania humo miguu na mikono ya majeruhi wa risasi, panga na ajali za barabarani.

Sisi tuliokula kiapo cha kulinda raia twapaswa kuifahamu kazi hii, kwani ilikomaa vitani. Mwaka 1552 Ambroise Paré, mpasuaji wa jeshi la Ufaransa, alipokata mguu wa majeruhi aliifunga mishipa kwa uzi badala ya kuichoma kwa chuma cha moto. Damu ilikoma, lakini mguu haukurudi. Katika Vita Kuu vya Pili, karibu nusu ya askari wa Marekani walioumia mishipa mikubwa walikatwa viungo. Huko Korea, 1950–1953, wapasuaji waliishona mishipa au kuipachika kiraka. Waliokatwa viungo wakapungua hadi 13 hivi katika kila 100.

Hata hivyo, mpasuaji hana dawa ya kuchelewa. Nyama iliyokosa damu kwa muda wa saa 6 hivi huwa hatarini kufa. Basi mwenzetu akijeruhiwa, tugandamize jeraha kwa nguvu. Damu isipokoma, tukaze kitambaa kipana kwa kijiti, upande wa juu wa jeraha. Tuandike saa tuliyokifunga, tusikilegeze, tumkimbize hospitali.

Mkono wa kwanza wa tiba ni wetu. Wa mpasuaji ni wa pili.