Mlima Wenye Mng'ao

Asubuhi isiyo na mawingu, aliye katika mji wa Kiganjo huviona vilele vya Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, vikimeta kwa barafu na jua. Wakikuyu huuita Kĩrĩnyaga.

Katika kitabu chake Facing Mount Kenya (1938), Jomo Kenyatta alilifasiri jina hilo kuwa mlima wa mng'ao. Mungu naye ni Mwene-Nyaga, mwenye mng'ao huo, na jina hili bado limo katika sala. Fasiri hii inavutia hasa kwa kuwa neno moja linaunganisha mlima na Muumba.

Wengine hulihusisha jina na mbuni, kwa manyoya yake meusi na meupe, kama miamba na barafu ya mlima.

Wakamba ndio waliomtajia mmisionari Ludwig Krapf jina la mlima, aliouona kutoka Kitui mwaka 1849. Mwaka 1920 koloni zima la Waingereza likaitwa Kenya, kwa jina hilo la mlima.