Marekani: Vita vya utumwa viliisha 1865, deni lake likafika mpaka Kisangani

Tarehe 18 Julai 1890, mwanaume mweusi mwenye umri wa miaka 40 alikuwa kwenye kituo cha Stanley Falls, mahali ambapo leo ni mji wa Kisangani. Hapo alimwandikia barua ya wazi mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alimweleza aliyoyaona akipanda mto Kongo: vijiji vilivyochomwa, machifu waliodanganywa wakatia alama kwenye mikataba wasiyoielewa, wafungwa waliofungwa minyororo shingoni. Alimwambia pia kwamba serikali yake, iliyojitangaza duniani kuwa adui wa biashara ya watumwa, ilikuwa inanunua watu na kuwatia jeshini. Bei aliitaja: pauni 3 za Kiingereza kwa kila mwanaume mwenye nguvu.

Mwandishi wa barua hiyo, George Washington Williams, alikuwa raia wa Marekani. Alizaliwa mwaka wa 1849 katika jimbo la Pennsylvania, na mwaka wa 1864 aliingia jeshini akiwa na miaka 14 tu. Mashariki mwa Kongo angeitwa kadogo. Vita alivyokwenda kupigana ni vile ambavyo Wamarekani mpaka leo hawajaacha kubishania: vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini na Kusini, juu ya utumwa.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1860 ilionyesha kwamba Marekani ilikuwa na wakaaji karibu milioni 31. Kati yao, karibu milioni 4 walikuwa watumwa, watu walionunuliwa, waliouzwa, waliowekwa rehani na kurithishwa kama ng'ombe. Katika majimbo ya South Carolina na Mississippi, watumwa walikuwa wengi kuliko watu huru. Wao ndio waliolima pamba, na pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya bidhaa zote ambazo Marekani ilikuwa inauza nje. Viwanda vya nguo vya Uingereza viliitegemea, mabenki ya New York yaliikopesha. Kwa hiyo utumwa haukuwa jambo la mashamba ya mbali tu, ulikuwa uchumi wa nchi nzima.

Mnamo Novemba 1860, Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa rais. Hakuahidi kuwaweka huru watumwa wa Kusini. Alichosema ni kwamba utumwa usienee katika ardhi mpya za magharibi. Hilo lilitosha. Tarehe 20 Desemba, South Carolina ilitangaza kujitenga, na majimbo mengine yakafuata mpaka yakawa 11. Walijiundia serikali yao, rais wao Jefferson Davis, jeshi lao na bendera yao. Tarehe 12 Aprili 1861 walifyatua mizinga juu ya ngome ya serikali ya Fort Sumter, kwenye bandari ya Charleston.

Baada ya kushindwa, watu wengi wa Kusini walianza kusema kwamba walipigania haki za majimbo, au ushuru, au heshima ya nyumbani kwao. Vitabu vya shule vilifundisha hivyo kwa miaka mingi. Lakini karatasi walizoandika wenyewe kabla ya vita zipo. Tangazo la Mississippi la Januari 1861 linasema waziwazi kwamba msimamo wa jimbo hilo umefungamana na utumwa. Machi mwaka huohuo, makamu wa rais wa waasi, Alexander Stephens, alieleza mbele ya umati mjini Savannah kwamba msingi wa serikali yao mpya ni imani kwamba mtu mweusi si sawa na mzungu na kwamba utumwa ndio hali yake ya asili. Na hizo haki za majimbo, Kusini haikuzijali mwaka wa 1850 ilipodai sheria ya taifa iwalazimishe watu wa Kaskazini kuwakamata watumwa waliotoroka na kuwarudisha.

Watumwa hawakungoja

Mwanzoni serikali ya Lincoln ilisema inapigana kwa ajili ya umoja wa nchi tu. Waliobadilisha mambo ni watumwa wenyewe. Mnamo Mei 1861 wanaume watatu walitoroka wakaingia kwenye ngome ya Fort Monroe, jimbo la Virginia, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la serikali. Tajiri wao akatuma mtu kuwadai. Jenerali Benjamin Butler, aliyekuwa mwanasheria, alijibu kwamba ikiwa Kusini inasema watu ni mali, basi mali ya adui inayotumiwa katika vita hunyang'anywa. Jibu lilikuwa la kisheria, halikuwa na huruma nyingi ndani yake, lakini habari ilisambaa. Wakaja kumi, wakaja mamia, kisha maelfu kwa maelfu, na wanawake na watoto.

Robert Smalls hakutoroka kwa miguu. Alikuwa mtumwa aliyefanya kazi kwenye meli ya kijeshi ya waasi huko Charleston, meli iliyoitwa Planter. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu walikwenda kulala mjini. Smalls akawasha mashine, akapita kuwachukua mke wake na watoto na jamaa za wenzake, akavaa kofia ya kapteni, akapiga honi zile zinazotakiwa mbele ya kila ngome, kisha akaikabidhi meli kwa jeshi la serikali. Baada ya vita alikuwa mbunge mjini Washington.

Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote katika maeneo ya waasi ni huru. Tangazo hilo halikugusa majimbo manne yenye utumwa yaliyobaki upande wa serikali, kwani rais aliogopa kuyapoteza. Lakini lilifungua mlango wa jeshi kwa weusi. Wanajeshi weusi karibu 180.000 waliandikishwa. Askari mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi alilipwa 10, na juu yake akakatwa 3 za nguo. Vikosi vingine vilikataa mshahara huo kabisa, vikapigana bila kupokea hata senti moja, mpaka bunge liliposawazisha malipo mnamo Juni 1864. Walipokamatwa na adui, hawakuwa na uhakika wa kuhesabiwa kama wafungwa wa vita. Huko Fort Pillow, jimbo la Tennessee, tarehe 12 Aprili 1864, wengi waliuawa walipokuwa wanajisalimisha.

Kijana mmoja mzungu kutoka Wales alipigana pande zote mbili. Aliandikishwa na waasi huko Arkansas, akakamatwa kwenye mapigano ya Shiloh mnamo Aprili 1862, akafungwa karibu na Chicago, na ili atoke kambini akakubali kuvaa sare za serikali. Baadaye aliingia jeshi la majini, akatoroka. Huyo ni Henry Morton Stanley, ambaye Wakongomani walimjua kwa jina la Bula Matari.

Jenerali Robert Lee alijisalimisha Appomattox, Virginia, tarehe 9 Aprili 1865. Siku mbili baadaye Lincoln alisema katika hotuba kwamba baadhi ya weusi wapewe haki ya kupiga kura. Ndani ya umati alikuwemo mwigizaji John Wilkes Booth. Tarehe 14 Aprili alimpiga rais risasi. Kwa jumla vita viliua watu kati ya 620.000 na 750.000, wengi wao kwa magonjwa. Huko Galveston, Texas, watumwa hawakusomewa habari ya uhuru wao mpaka tarehe 19 Juni.

Uhuru bila shamba

Watu milioni 4 walitoka utumwani bila ardhi, bila mshahara wa nyuma, wengi bila kujua kusoma kwa kuwa sheria za majimbo mengi zilikataza wafundishwe. Walichoomba kwanza ni shamba. Mnamo Januari 1865 Jenerali William Sherman alikuwa ametoa amri ya kuwagawia vipande vya ekari zisizozidi 40 kwenye pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, na watu karibu 40.000 walikaa hapo, wakalima, wakavuna. Rais mpya, Andrew Johnson, yeye mwenyewe mtu wa Kusini, aliwasamehe wenye mashamba wa zamani na kuwarudishia ardhi. Wanajeshi walewale walioleta uhuru ndio waliotumwa kuwaambia wakulima waondoke au watie saini mikataba ya kumfanyia kazi tajiri wao wa jana.

Hapo ndipo mambo mengi yaliharibika, kuliko kwenye uwanja wowote wa mapigano. Mississippi ilitunga sheria kwamba kila mweusi awe na karatasi ya kuonyesha ana kazi kila Januari. Asiyekuwa nayo alikamatwa kama mzururaji, akatozwa faini, na akishindwa kulipa alikodishwa kwa mtu wa kumlipia. Badiliko la 13 la katiba, lililopitishwa mwaka huo wa 1865, lilipiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu kwa aliyehukumiwa. Majimbo ya Kusini yaliushika mwanya huo vizuri sana. Wafungwa walikodishwa kwa migodi, reli na mashamba kwa miaka mingi.

Kulikuwa na kipindi cha matumaini. Kuanzia 1867 bunge lilituma jeshi kulinda kura, na wanaume weusi wakapiga kura kwa wingi. Mwaka wa 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa mseneta wa kwanza mweusi. Shule zilijengwa, na babu alikaa darasani pamoja na mjukuu.

Viongozi wa waasi, kwa upande wao, karibu wote walisamehewa. Davis alifungwa miaka miwili, hakuhukumiwa kamwe. Stephens, yule wa hotuba ya Savannah, alirudi bungeni mwaka wa 1873. Wasomaji wa hapa wanaijua hali ya kuwaona wakubwa wa uasi wakirudi kwenye viti vya serikali huku waliopoteza watu wao wakiambiwa wasahau. Mwaka huohuo wa 1873, mjini Colfax, Louisiana, wazungu wenye silaha waliua makumi ya weusi waliokuwa wanalinda jengo la mahakama. Mahakama kuu ya nchi ikafuta hukumu za wachache waliopatikana na hatia. Kaskazini ilichoka. Mwaka wa 1877 wanajeshi wa mwisho wakaondolewa kwenye ulinzi wa serikali za Kusini. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 130.000 mwaka wa 1896. Mwaka wa 1904 walibaki 1.342.

Jenerali wa waasi na bendera ya Leopold

Ni katika giza hilo ndipo Kongo iliingia. Mfalme Leopold alihitaji nchi kubwa ya kwanza ya kutambua madai yake. Mtu wake mjini Washington alikuwa Henry Sanford, ambaye Lincoln alikuwa amemtuma balozi Ubelgiji. Ndani ya Seneti alimpata John Tyler Morgan wa Alabama, jenerali wa zamani wa waasi. Morgan aliogopa kura za weusi na hesabu yao. Alitaka wahamishwe, na Kongo ilionekana kwake mahali pazuri pa kuwapeleka, na soko la pamba juu yake. Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ikatambua bendera ya shirika la Leopold, miezi saba kabla ya mkutano wa Berlin kufunguliwa. Hakuna Mkongomani aliyeulizwa, wala weusi wa Alabama.

Williams naye alidanganywa kwanza. Alikutana na Leopold mwaka wa 1889 akamwona mtu mwema. Ilibidi aje ajionee. Alipofika Stanley Falls, ilikuwa haijapita miaka mingi tangu serikali hiyo ya kupinga utumwa imfanye Tippo-Tip, mfanyabiashara mkubwa wa watumwa, kuwa gavana wa hapo. Kadogo wa 1864 alijua utumwa unafananaje hata ukibadilishiwa jina. Katika barua kwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani alitumia maneno ambayo leo yamo katika sheria za kimataifa: uhalifu dhidi ya binadamu. Magazeti ya Leopold yalimtukana. Williams alifariki mjini Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, hajarudi nyumbani. Kaburi lake lilikaa bila jiwe lenye jina mpaka mwaka wa 1975.

Morgan alibaki mseneta mpaka alipokufa mwaka wa 1907. Alitoka mji wa Selma, kama mwenzake wa Seneti Edmund Pettus, naye pia jenerali wa waasi. Tarehe 7 Machi 1965, miaka mia moja baada ya vita, weusi wa Selma waliandamana wakidai haki ya kupiga kura waliyokuwa wameahidiwa na katiba tangu 1870. Polisi waliwapiga kwa marungu na gesi ya machozi kwenye daraja la kutokea mjini, na miezi mitano baadaye sheria ya kulinda kura zao ikatiwa saini. Jina la Morgan liliondolewa kwenye jengo la chuo kikuu cha Alabama mwaka wa 2020. Daraja la Selma lingali linaitwa Edmund Pettus.