Upweke na afya yetu (2): Mkono mtupu haulambwi

Wiki iliyopita tulitofautisha kukaa peke yako na kuwa mpweke. Mchungaji anayeshinda na mbuzi wake nyikani nje ya Lodwar, huku akijua kuna watu wanaomngoja jioni, si mpweke. Mama anayelala katikati ya maelfu ya watu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma anaweza kuwa mpweke kupindukia. Upweke ni pengo kati ya mahusiano anayoyahitaji mtu na yale aliyo nayo. Leo tutazame jinsi pengo hilo linavyoingia mwilini, kisha tuulize kwa nini Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni mahali pa kulichunguza kwa makini.

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Wengi wetu tumeamini kwamba upweke ni maradhi ya wazee wa Ulaya waliofungiwa katika nyumba zao, na kwamba Mwafrika, kwa kuwa ana ukoo, amekingwa. Takwimu hazikubali. Tarehe 30 Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti inayosema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vinavyokadiriwa kuwa 871,000 kila mwaka, yaani takriban 100 kila saa. Katika nchi zenye kipato cha chini, asilimia 24 ya watu walisema wanahisi upweke; katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Umaskini, basi, hauwakingi watu na upweke. Mara nyingi ndio unaouleta.

Upweke unawadhuru vipi? Marehemu Profesa John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba upweke ni taarifa ya mwili kama ilivyo njaa. Njaa hukusukuma utafute chakula. Upweke hukusukuma utafute watu. Binadamu wa kale aliyeachwa nyuma na kundi lake alikuwa windo rahisi, kwa hiyo mwili ulijifunza kuwa macho kila unapohisi umeachwa. Hali hiyo ikidumu siku mbili tatu haina madhara. Ikidumu miaka, homoni ya kotisoli huvurugika, shinikizo la damu hupanda, usingizi hukatika-katika, na chembe za kinga huchochea uvimbe wa ndani usioonekana kwa macho lakini unaoharibu mishipa polepole.

Ushahidi si haba. Mwaka 2010, mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Waligundua kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi katika muda wa utafiti, kwa kiwango cha asilimia 50, kuliko wenye mahusiano hafifu. Mwaka 2016, uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Heart ulihusisha upweke na utengano na ongezeko la asilimia 29 la maradhi ya moyo na asilimia 32 la kiharusi.

Tabia nayo hubadilika, na hapa ndipo upweke hujilisha wenyewe. Mtu mpweke huanza kuona hatari katika nyuso za watu. Jirani akipita bila kusalimu, yeye huona dharau pale ambapo mwingine angedhani jirani ana haraka. Hujitenga kabla ya kutengwa, na kadiri anavyojitenga ndivyo watu wanavyomwacha. Pombe huchukua nafasi ya rafiki. Dawa nazo husahaulika: kifua kikuu hutibiwa kwa vidonge vya miezi sita, na asiye na mtu wa kumuuliza "umemeza?" ana sababu nyingi za kukata tamaa mwezi wa tatu.

Sasa tuje Turkana. Mwaka 1955, mwanaanthropolojia Philip Gulliver alichapisha kitabu The Family Herds kuhusu Waturkana na jirani zao Wajie wa Uganda. Alionyesha kwamba kila mwanamume alikuwa na duara la watu wake, ndugu, wakwe na marafiki wa hiari, ambao aliweza kuwaomba mnyama anapooa, anapofanya karamu au anapopata hasara. Nao walikuwa na haki ya kumwomba. Rafiki wa namna hiyo Waturkana humwita lopai. Ng'ombe akitoka kwa huyu kwenda kwa yule, deni linabaki, na deni hilo ndilo linalowarudisha watu wawili chini ya mti mmoja mwaka baada ya mwaka. Katika nchi ambako mvua hunyesha hapa na kuruka pale, mtu hakuweka akiba benki. Aliiweka kwa watu.

Ndiyo maana ukame wa Turkana hauishii kwenye mizoga. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo ikafa kwa wingi kote kaskazini mwa Kenya. Serikali na mashirika yalihesabu wanyama. Hakuna aliyehesabu urafiki uliokufa pamoja nao. Msomi wa Norway, Vigdis Broch-Due, ameeleza jinsi Mturkana aliyefilisika anavyosukumwa nje ya mzunguko wa kupeana, mpaka hata uanajamii wake unatiliwa shaka. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Asiye na cha kutoa huona haya kuomba. Anayeona haya kuomba huacha kutembelea. Na anayeacha kutembelea husahauliwa. Huo ndio upweke wa Turkana. Chanzo chake ni kunyang'anywa uwezo wa kuwa na maana kwa wengine.

Wengi wa waliofilisika huteremka ziwani. Eliye Springs, ambako maji ya chemchemi hububujika chini ya mikoma ukingoni mwa Ziwa Turkana, watalii huona ufuo mzuri, ilhali wenyeji wanautegemea kwa maisha. Wapo wanaosuka vikapu na mikeka ya majani ya mikoma, wapo wanaovua na wapo wanaokausha samaki. Wafadhili wa Norway waliwahi kuliona ziwa kama jibu la umaskini, wakajenga kiwanda cha samaki huko Kalokol, kaskazini mwa Eliye, kilichoanza mapema miaka ya 1980 na kusimama muda si mrefu. Walipanga mashine na soko. Hawakuuliza mfugaji aliyegeuka mvuvi atakuwa lopai wa nani. Lakini wavuvi wenyewe wamelijibu swali hilo kimyakimya: nyavu huhitaji mikono mingi, na anayegawiwa samaki leo hugawa kesho. Uhusiano ulioanzishwa na ng'ombe unaweza kuendelezwa na tilapia, mradi mtu awe na cha kugawa.

Kakuma ni somo la pili. Kambi ilianzishwa 1992, ilipopokea maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea bila wazazi kutoka Ethiopia. Wavulana wale waliishi kwa makundi, wakawa ndugu bila kuzaliwa pamoja, na kifungo hicho kiliokoa maisha. Leo kambi hiyo na makazi ya Kalobeyei vina watu wa mataifa mengi, na upweke wao una sura nyingine: kungoja. Rafiki anaitwa kwenda nchi ya mbali, wewe unabaki. Unaogopa kufungamana na mwingine kwa kuwa naye ataondoka. Mgao wa chakula unapopunguzwa, kama ilivyotokea 2025, meza ambayo ingemkaribisha jirani nayo hufungwa.

Je, kuna tiba? Ipo, tena ya karibu. Katika wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, utafiti uliochapishwa 2003 uliwaweka watu wenye sonona katika vikundi vya kijiji vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Mwanzoni asilimia 86 ya wanavikundi walikuwa na sonona kali. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata huduma hiyo, walibaki asilimia 54.7. Sonona na upweke si kitu kimoja, lakini hutembea pamoja, na dawa iliyotumika pale ilikuwa watu kukaa, kusema na kusikilizana. Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda amewafundisha akina nyanya kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati tangu 2006, na mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Kwa Turkana napendekeza mambo matatu. Kwanza, wahudumu wa afya ya jamii, ambao Kenya ina zaidi ya 100,000, waongeze maswali matatu wanapozuru boma: Ni mara ngapi unakosa mtu wa kuwa naye? Ni mara ngapi unahisi umeachwa nje? Ni mara ngapi unahisi umetengwa na wengine? Maswali haya yanatumika duniani na hayagharimu hata shilingi. Pili, misaada baada ya ukame itolewe kwa namna inayomwezesha mtu kumpa mwenzake. Mbuzi wanaozaa wana thamani hiyo. Unga ulioliwa ukaisha hauna. Tatu, familia zinapohamishwa, iwe kwa mafuriko, vita au mipango ya serikali, majirani wahamishwe pamoja.

Kwako msomaji, neno ni moja. Yupo mtu aliyeacha kukutembelea tangu alipofilisika. Mtangulie wewe. Usimpelekee msaada tu. Mwombe naye jambo analoliweza, kwa maana binadamu hupona pia kwa kuhitajiwa.

Juma lijalo: upweke wa vijana na simu zao.