Mnyororo Mmoja, Maana Mbili: Atomu Zinavyoungana katika Makaa, Gesi na Lava

Neno mnyororo limezoeleka katika kemia inayoandikwa kwa Kiswahili, lakini hubeba dhana mbili. Kwanza, ni mfuatano wa atomu za elementi moja zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Pili, ni mfuatano ambamo atomu za elementi mbili hupokezana. Tofauti hiyo si ndogo, na mazingira ya Goma yanaidhihirisha waziwazi.

Dhana ya kwanza inatawaliwa na kaboni. Mwaka 1858, Kekulé na Couper, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba atomu ya kaboni ina nafasi nne za kuunga, na kwamba inaweza kutumia baadhi yake kushikana na kaboni nyingine. Kifungo hicho ni imara: kukivunja huhitaji takriban kilojuli 347 kwa moli. Kwa hiyo mnyororo wa kaboni hurefuka bila kukatika ovyo.

Urefu huo ndio unaobainisha tabia ya kitu. Methani, ambayo kiasi chake katika Ziwa Kivu hukadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60, ina kaboni moja tu iliyozungukwa na haidrojeni nne. Huo ni mwanzo wa mnyororo, nayo ni gesi. Kaboni tatu au nne zikiungana hupatikana gesi ya mitungi ya kupikia, inayogeuka kimiminika kwa kushindiliwa. Zikifika kati ya 10 na 16, ni mafuta ya taa. Zikizidi 20, ni nta ya mshumaa. Zikifika maelfu, ni plastiki ya mifuko. Katika makaa, ambayo wakazi wa Goma huyaita makala, kaboni haikufuatana kwa mstari tu, bali imejipanga kwa pembesita zilizoungana mithili ya sega la nyuki.

Kaboni haiko peke yake. Atomu nane za salfa hushikana na kufanya pete. Salfa ikiyeyushwa huwa nyepesi; lakini joto likipita nyuzi 159 hivi za Selsiasi, pete hufunguka, ncha zake huungana na kuwa minyororo mirefu, na uowevu huo huwa mzito ghafla. Hapa pana kanuni muhimu: minyororo mirefu hutatizana, na kutatizana huzuia mtiririko.

Silikoni ni jirani wa kaboni katika kundi moja, nayo pia ina nafasi nne. Hata hivyo, kifungo cha silikoni kwa silikoni kina takriban kilojuli 222 tu, ilhali kile cha silikoni kwa oksijeni kinafikia 452. Basi silikoni ikikuta oksijeni humwacha ndugu na kushikana na mgeni. Ndiyo maana katika miamba hakuna minyororo ya silikoni tupu. Iliyopo ni ya silikoni na oksijeni zikipokezana, yaani dhana ya pili.

Lava yenye silika nyingi huwa na mitandao mipana ya namna hiyo, nayo hutambaa polepole. Lava ya Nyiragongo ina silika chache, takriban asilimia 40, na wingi wa kalsiamu, sodiamu na potasiamu hukata viungo vilivyosalia. Kwa hiyo hutiririka karibu kama maji. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lilimwagika kwa muda usiotimia saa moja, na watu wengi hawakuwahi kukimbia. Lava ilipita tena katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ilifika ukingoni mwake.

Mwanafunzi anayesoma kwamba lava ina minyororo, bila kuelezwa ni ipi, atadhani silikoni hufanya kama kaboni. Istilahi mbili zingeondoa utata: mnyororo halisi kwa atomu za elementi moja, na mnyororo pokezi kwa zinazopokezana. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilionyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba sayansi. Kazi inayobaki ni kuhakikisha kwamba kila dhana ina neno lake, hasa mahali ambapo wepesi wa lava ni suala la uhai.